Wodi ya Sentensi Mahututi

Shule yetu ina maktaba nzuri sana, na naomba niisifu kwanza kabla sijaanza kulalamika. Ina madirisha ya vioo, rafu za mbao zilizopigwa vanishi, na vitabu elfu moja na mia mbili vya Kiingereza. Ilikuwa na kila kitu isipokuwa wasomaji. Vitabu vilikuwa ndani ya maboksi, mlango ulikuwa na kufuli, na juu ya kufuli palikuwa na utepe mwekundu, maana maktaba ilikuwa haijazinduliwa. Mgeni rasmi alikuwa aje mwaka juzi, akapata dharura. Mwaka jana akapata dharura nyingine. Utepe ulikuwa umepauka hadi ukawa rangi ya ufizi, lakini mkuu wetu wa shule ni mtu wa utaratibu, na kwake kitabu hakisomwi kabla utepe haujakatwa.

Mimi nilikuwa nafundisha Kiingereza vyumba viwili kutoka hapo. Wanafunzi waliniita Mwalimu Nukta, kwa sababu mwaka wangu wa kwanza nilimtoa mtu kwenye foleni ya chakula, nikamrudisha darasani akaweke nukta aliyoisahau. Sikujitetea. Wapo walimu wenzangu wenye majina mabaya zaidi, na wanayastahili.

Kidato cha pili kilikuwa na watu arobaini na wawili na vitabu vya kiada vinane. Ukiwa na vitabu vinane, unachagua moja: ama uandike ubaoni mpaka bega liteguke, ama ubuni michezo. Mimi bega langu nalipenda, nikabuni michezo. Mke wangu ni muuguzi wa zahanati, na siku moja alirudi nyumbani na rundo la kadi za wagonjwa zilizochapwa vibaya, za kutupwa. Nikamwambia asizitupe. Akaniuliza naumwa nini. Nikamwambia ni darasa langu ndilo linaloumwa.

Ndipo tukafungua wodi. Kila asubuhi nililaza sentensi za Kiingereza juu ya madawati, zote mahututi. Wanafunzi walikaa sita sita kama jopo la madaktari, kila jopo na maradhi yake ya ubingwa: wanampima mgonjwa, wanaandika ugonjwa kwenye kadi, wanaandika dawa, wanatia sahihi. Sentensi isiyo na kitenzi ilikuwa haina mapigo ya moyo. Iliyochanganya jana na kesho ilikuwa na kizunguzungu. Iliyoanza na mtu mmoja ikaishia na watu wanne ilikuwa na uvimbe. Neno jipya likipita wiki nzima bila kutumiwa, lilipelekwa mochwari, yaani kopo la maziwa ya unga lililokuwa dirishani, na halikutoka humo mpaka mtu alitumie katika sentensi tatu mbele ya mashahidi. Mganga mkuu wa wodi alikuwa kiranja wa darasa, kijana mrefu asiyecheka, aliyetunza bandeji niliyopewa na mke wangu ndani ya dawati lake na kuizungushia kadi ya kila sentensi iliyokuwa bado inaumwa.

Kelele zilikuwepo, sikatai. Mwalimu wa hisabati, jirani yangu ukutani, alikuja mara mbili kuuliza kama kwangu kuna msiba au harusi. Mkuu naye alipita dirishani, akaona watu wanalilia neno lililokufa, akaandika kwenye kijitabu chake. Sijui aliandika nini, ila hakikuwa kitu cha kuniongezea cheo.

Katika hao arobaini na wawili alikuwepo msichana tuliyemwita Wakili. Alikuwa mdogo wa umbo, mwenye ulimi usio na breki. Ukimuuliza swali, anakujibu, kisha anakuonyesha swali lako lilikuwa na kasoro wapi. Jibu likimjia hawezi kulizuia, hata kama aliyeulizwa ni mtu mwingine, hata kama aliyeulizwa ni mimi. Kusema kweli alinichosha, na kusema kweli zaidi, siku asipokuja shule sikuona sababu ya mimi kuja.

Muhula wa pili tukafika kwenye barua rasmi za malalamiko. Niliwaambia waandike juu ya jambo la kweli, kwa anwani ya kweli, kwa sababu mtu hawezi kulalamikia vizuri kitu asichokijua. Chini wasiweke majina, waandike tu “mwanafunzi mhusika”. Wengi walilalamikia maharage. Kiranja alilalamikia ufupi wa kitanda chake cha bweni, kwa upole mwingi. Wakili alimwandikia afisa elimu kuhusu maktaba.

Niliisoma mara tatu. Alisema shule ina vitabu elfu moja na mia mbili ambavyo havijawahi kukutana na binadamu. Alisema hamlaumu mgeni rasmi, maana mtu mkubwa hakosi dharura, bali anaomba kujua kama kuna sheria inayomkataza mwanafunzi kusoma wakati akimsubiri. Alisema kwa mwendo huu yeye atamaliza shule, ataolewa, atazaa, na mwanawe atakuja kuukuta utepe. Yote hayo kwa Kiingereza kilichonyooka mstari hadi mstari. Nilitafuta kosa kama mtu anayetafuta funguo, nikageuza kila sentensi juu chini, sikupata. Nilijisikia vizuri kiasi kwamba nilikasirika.

Kwa kuvimba kichwa nikaamua barua ichapwe ibandikwe ukutani iwe mfano. Nikaipeleka kwa karani wa shule. Huyu dada anachapa kwa vidole kumi, na anajivunia kwamba katika maisha yake ya kazi hajawahi kusoma anachochapa. Mimi nilimwambia, “Dada, nichapie hii,” nikaenda zangu kipindini. Naye, kwa bidii ambayo siku nyingine huioni kwake, aliona anwani juu, akaona salamu, akaona hitimisho. Akachapa, akapiga mhuri wa shule, akatia kwenye bahasha, akaandika kwenye daftari la barua zinazotoka, akatuma.

Baada ya wiki tatu afisa elimu akaja mwenyewe.

Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa mnyororo na tabia ya kusikiliza hadi unajuta kuwa umeanza kusema. Alikaa kwenye kiti cha mkuu, mkuu akakaa kwenye kiti cha wageni, na hilo peke yake lilitosha kumpandisha mkuu presha. Barua ilikuwa mezani na mhuri wake wa zambarau.

“Nimepokea malalamiko rasmi ya shule hii dhidi ya shule hii,” afisa alisema. “Miaka ishirini na tatu kazini, sijawahi kuona. Nani kaandika?”

“Mimi sisomi, madam,” karani alisema. “Nachapa tu.”

“Madam, mwanafunzi wa hapa hawezi kuandika hivi,” mkuu alisema. “Kiingereza hiki hata mimi...” Akaishia hapo. Akakohoa. “Hii ni kazi ya mwalimu wa Kiingereza. Anacheza na watoto mchana kutwa, jioni anaandika fitina.”

Akaomba dakika moja na mimi nje. Kwenye korido alinishika kiwiko kama tunavyoshikana msibani.

“Nisikilize, mwalimu. Kama ni mwanafunzi, nitajie. Leo hii namwandikia barua ya kumfukuza, afisa anaiona, anaondoka, mambo yanaisha. Kama ni wewe, utajua mwenyewe utakwenda wapi.”

“Afukuzwe kwa kosa gani?”

“Kuichafua shule.”

“Kaomba kusoma, mkuu.”

“Ahaa. Kumbe unamjua.”

Hapo nikaona maji yamenifika shingoni. Wakili analelewa na bibi yake anayefua nguo za watu. Akifukuzwa shule yetu, shule nyingine haipo. Kuna beseni tu la bibi, na wapo wengi wa kumsifu hapo, waseme mtoto ana bidii. Nikarudi ofisini nikasema nusu ya ukweli: lilikuwa zoezi, darasa zima liliandika, barua hazikuwa na majina, sikumbuki hii ni ya nani.

Afisa alinitazama juu ya miwani. “Basi ni rahisi. Waandike tena. Sasa hivi, barua hiyohiyo, nusu saa, na majina juu. Mtu anayeandika hivi hawezi kujificha.”

Ni mwanamke mwenye akili. Nilimchukia kwa dakika nzima.

Mimi niliamriwa nisimame nyuma ya darasa, nisifungue mdomo. Mwalimu wa nidhamu aligawa karatasi. Na yote yangeenda kama afisa alivyopanga, isipokuwa mkuu wetu hakuweza kuacha nafasi ya kuhutubia impite.

“Humu ndani,” alisema, “kuna mtu ameandika barua ya kunichafua mimi na maktaba yangu. Leo tutamjua kwa maandishi yake, na kesho hatakuwa mwanafunzi wa shule hii. Haya, andikeni barua nzuri!”

Afisa alifumba macho kidogo, kama mtu aliyekanyagwa kidole cha mguu kanisani.

Hakuna aliyegeuka kumtazama Wakili, hata mmoja, na hilo ndilo lililonitisha, maana hawa huwa wanageuka hata nzi akiingia. Wakili mwenyewe alikuwa ameshashika kalamu. Shingo yake ilikuwa imenyooka, na mimi naijua shingo hiyo: ni ya mtu mwenye jibu. Nilimwomba Mungu ampige na usahaulifu. Sikuwahi kuomba hivyo kwa mwanafunzi yeyote. Kwa kawaida huwa hawahitaji maombi yangu.

Kiranja akafungua dawati lake taratibu. Akatoa bandeji, akaanza kujizungushia kidole.

“Hiyo nini?” mwalimu wa nidhamu aliuliza.

“Kidonda, mwalimu.”

“Sikioni.”

“Ni cha ndani, mwalimu.”

Akakaza fundo kwa meno, mkono juu, mbele ya darasa zima, akaanza kuandika. Kalamu arobaini zikaanza pamoja naye. Wakili alichelewa. Alikitazama kidole kile kilichofungwa, akaitazama karatasi yake, akaikunjua upya ingawa haikuwa imekunjika. Kisha naye akainama. Mimi, mtaalamu wa lugha, nilidhani kijana kweli ana kidonda.

Ofisini afisa alisoma barua ya kwanza akatikisa kichwa. Ya pili akaiweka chini akaichukua tena. Ya tano akavua miwani.

“Mwalimu,” alisema, “hebu njoo usome.”

Nilisoma. Barua ya kwanza ilikuwa na mistari sita bila kitenzi hata kimoja. Haikuwa na mapigo popote. Ya pili iliomba maktaba ifunguliwe mwaka jana. Ya tatu ilianza na mwanafunzi mmoja akazidi kuongezeka kila mstari mpaka wakawa umati. Kulikuwa na barua yenye mikato tisini na haina nukta hata moja, na hiyo najua ilinilenga mimi binafsi. Niliendelea, na nilipofika ya kumi na tano nikarudi kuzipitia zote upya, kwa sababu ugonjwa haukujirudia. Walikuwa wamegawana. Kila jopo lilichukua maradhi yake, yote tuliyoyatibu miaka miwili, wakayarudisha kwa wagonjwa moja baada ya jingine, kwa uangalifu, bila kukosea. Mtu asiyejua lugha anakosea ovyo. Hawa walikosea kama wafua dhahabu.

Ya Wakili ilikuwa ya mwisho. Aliandika sentensi moja tu, akairudia mara tisa, na mara zote tisa imeharibika namna tofauti. Juu yake, jina lake mwenyewe alikuwa amelikosea herufi mbili. Nilimjua mtoto yule. Najua kila herufi ilimuuma.

“Umewafundisha kwa muda gani?” afisa aliuliza.

“Miaka miwili, madam.”

“Umewafundisha nini?”

Sasa niseme kitu cha aibu. Mkoba wangu ulikuwa sakafuni, umeegemea mguu wangu, na ndani yake mlikuwa na madaftari arobaini na mawili, yamesahihishwa, barua zote za maharage na ya kitanda na rasimu ya ile ya maktaba kwa mwandiko wa Wakili. Miaka miwili ya maisha yangu ilikuwa inanigusa kwenye kifundo. Nilitaka kuyamwaga mezani. Nilitaka mama huyu mwenye akili asome aya moja tu, ajue kuwa aliyesimama mbele yake ni mwalimu, na mzuri pia. Nilitaka hivyo kuliko nilivyotaka haki, na nisiposema hivyo nitakuwa nadanganya.

“Nionyeshe madaftari yao,” afisa alisema, kana kwamba amenisikia.

Nikausukuma mkoba nyuma ya kiti kwa kisigino.

“Hayapo, madam. Huwa siwapi kazi za kuandika.”

“Kwa hiyo darasani mnafanya nini?”

“Tunacheza.”

Mkuu akapiga goti lake kofi. “Nilisema mimi!”

“Na barua?” afisa aliuliza.

“Niliandika mimi, madam. Habari ya zoezi ilikuwa uongo. Nilikuwa na hasira ya mambo ya kupandishwa cheo.”

Afisa aliandika kwa muda mrefu. Halafu alitoa hukumu bila kupandisha sauti. Mimi niondolewe somo la Kiingereza siku hiyohiyo, nipewe michezo, kwa kuwa ndiyo nipendayo, na taarifa iingie kwenye faili langu. Mkuu alikuwa anaitikia kwa kichwa kila neno, uso umemkunjuka kama shuka lililopigwa pasi.

“Na hawa watoto,” afisa aliendelea, “hali yao ni ya hatari. Sijawahi kuona kidato cha pili kibovu namna hii. Maboksi yafunguliwe leo.”

“Leo, madam? Mgeni rasmi ameahidi mwezi ujao bila kukosa...”

“Mkuu, watoto wako hawajui kutumia kitenzi. Niletee mkasi.”

Mkasi haukuonekana. Afisa akaukata utepe kwa wembe wa karani, mbele ya mwalimu wa nidhamu na wapishi wawili. Hakuna aliyepiga makofi, na mkuu alikiokota kipande cha utepe akakitia mfukoni. Kisha afisa akatoa ile karatasi ya mwisho.

“Huyu msichana ndiye mbaya kuliko wote. Hata jina lake! Kila siku baada ya vipindi akae maktaba saa nzima, na wewe mkuu umfundishe mwenyewe. Nitakuja mwisho wa muhula kumwona.”

Nilirudi darasani kuchukua chaki zangu. Walisimama wote. Habari zilikuwa zimeshafika, maana karani hasomi lakini anasikia vizuri sana.

“Mwalimu,” kiranja alisema, kidole bado kimefungwa, “tulidhani mtapona wote wawili, wewe na Wakili. Hatukujua itakuangukia wewe.”

“Kwa hiyo mlifikiri watasema mwalimu ana bahati mbaya tu, darasa zima limeugua siku moja?”

Wakili alikuwa analia bila sauti. Halafu akafuta uso kwa kiganja akaanza kutoka kwenye dawati.

“Naenda kusema,” alisema.

“Kaa chini.”

“Siwezi, mwalimu. Umewaambia hukutufundisha. Ni uongo.”

“Kaa chini, nimesema!” Nilipaza sauti mpaka mwalimu wa hisabati akaacha kufundisha upande wa pili. “Wenzako arobaini na mmoja wamejifanya mbumbumbu mbele ya serikali kwa ajili yako. Ukitoka mlango huo, utawafanya wawe mbumbumbu kweli. Na mimi pia.”

Akakaa. Nilitaka kuwaambia kuwa sijawahi kujivunia kitu kama karatasi zile, lakini nikachukua chaki nikatoka. Nilimwambia mke wangu jioni hiyo badala yao. Alisema nilitakiwa kuwaambia wao, na kama kawaida alikuwa amesema kweli.

Siku hizi nina filimbi. Nafundisha watu kuruka, na wanaruka vibaya bila msaada wangu. Kila jioni, nikipeleka mipira stoo, napita chini ya madirisha ya maktaba. Ndani husikika kurasa zikigeuzwa, na kidato cha pili wanagombania vitabu kwa kunong'ona. Mezani, mbele ya wote, mkuu anamfundisha Wakili.

Jana niliinama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Mkuu alikuwa anaeleza kanuni fulani ya Kiingereza, kwa madaha, kwa mifano mitatu, na yote mitatu ilikuwa mahututi. Nilimsubiri Wakili amrukie. Yule mtoto ambaye hajawahi kumwachia mtu kosa, hata mimi, hata mara moja.

“Umeelewa?” mkuu aliuliza.

“Ndiyo, mkuu. Asante, mkuu.”

Akaandika kwenye daftari vilevile alivyoambiwa, kwa mwandiko mzuri, kosa baada ya kosa. Mkuu akaridhika, akageukia simu yake. Wakili akashusha mkono chini ya meza, ambako kitabu kinene kilikuwa wazi mapajani mwake, amekipita nusu, akafungua ukurasa unaofuata.